Bahari ni Tahiri, Lakini Nani Katuruhusu Kuichafua?

Mlango wa maji ni katika milango ya mwanzo anayosomeshwa mtoto chuoni. Tunamfundisha katika Safina kuwa maji ni ya namna mbili: machache, yaani yasiyofika qullataini, yapata lita 200, nayo hunajisika kwa kuingiwa na najisi tu ijapokuwa hayakugeuka, na mengi, ambayo hayanajisiki ila yakigeuka rangi au tamu au harufu. Kisha tunamweleza khabari ya yule mtu wa safari za baharini aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kutawadha kwa maji ya bahari, akajibiwa kuwa maji yake yanatahirisha. Siku moja tulipokwisha kueleza hayo, mwanafunzi mmoja, ambaye hata miaka kumi na miwili hajatimiza, alituuliza: "Maalim, ikiwa bahari ni tahiri, mbona mama ananikataza kuogelea penye mdomo wa bomba?"

Tulimwambia amtii mama yake, tukaendelea na darsa. Lakini jawabu hiyo haikuturidhisha, kwani swali lilikuwa la haki. Na tena tumewasikia watu wazima wenye ndevu zao wakilijibu kinyume, wakisema, "Bahari haichafuki," huku wakimwaga ndoo ya taka ukutani.

Jawabu ya kwanza imo ndani ya mlango ule ule wa maji. Penye mdomo wa bomba maji yamegeuka rangi na yana harufu ambayo mpita njia huziba pua. Basi hapo, kwa kauli ya vitabu vyetu wenyewe, wingi wa maji hausaidii kitu. Jawabu ya pili ni kuwa utahiri ni jambo moja na madhara ni jambo jengine. Sumu itokayo katika mti ni tahiri, ukiishika huoshi mkono kwa ajili ya sala, wala hakuna mwanachuoni aliyehalalisha kuinywa. Maji ya pwani yanaweza kuwa tahiri hatua ishirini mbele ya bomba, na yakawa yamebeba maradhi ya kuua mtoto.

Nasi watu wa Unguja tusijifanye wageni wa jambo hili. Wazee wanajua kuwa Mji Mkongwe ulitengwa na Ng'ambo kwa hori la maji ya bahari, lililoingia na kutoka kwa maji kujaa na kupwa. Na jina la Darajani limetokana na daraja iliyolivuka. Hori lile lilitupiwa kila kitu. David Livingstone alipokuwa hapa mwaka 1866 uvundo wa pwani yetu ulimkera hata akaubandika mji jina la dhihaka lenye maana ya kunuka. Hatulipendi jina lile, lakini haifai kusema kuwa alisema uwongo. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia kikaua maelfu ya watu katika mji huu. Na tabibu James Christie, aliyekuwa akiishi hapa, aliandika kitabu kizima, kilichotoka 1876, kueleza maradhi hayo yalivyoenea Afrika ya Mashariki. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hata 1888, akaleta mjini kwa mabomba maji ya chemchem. Hiyo ilikuwa neema kubwa. Ama hori, halikusafishwa. Lilifukiwa kidogo kidogo katika karne ya ishirini, na leo juu yake pana barabara na viwanja, na vijana wetu wanacheza mpira bila ya kujua kuwa chini ya miguu yao palipita majahazi.

Hori lilikwenda, uchafu haukwenda. Mabomba ya Mji Mkongwe, ambayo asili yake ni zama za ukoloni, kwa miaka mingi yamekuwa yakiyamwaga maji ya vyooni baharini bila ya kusafishwa, na mji huo huo tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia. Ng'ambo nako vyoo ni vya mashimo, na mitaa mingi iko mabondeni ambako maji ya mvua hukusanyika yakawa maziwa. Nani asiyeyajua maji ya Sebleni na Mwanakwerekwe? Masika yakikaza, shimo la choo na ziwa huwa kitu kimoja, na maji hayo huingia ndani mpaka uvunguni mwa kitanda. Kwa hivyo ulipoanza mwaka 2011 Mradi wa Huduma za Miji, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na ikajengwa mitaro mikubwa ya kuyatoa maji ya mvua mabondeni na kuyapeleka baharini, watu walishukuru, nasi tulishukuru pamoja nao. Anayewalaumu kwa kushukuru hajapata kulala juu ya meza.

Lakini maji hayaendi peke yake. Huchukua ya chooni, huchukua mafuta ya gereji, damu ya machinjioni, na mifuko ya plastiki, juu ya kuwa mifuko hiyo ilipigwa marufuku hapa Zanzibar tangu 2006. Yote hayo hufika pale mtaro unapokutana na bahari. Na pahala hapo sipo bahari kuu. Ni hori, ni mikoko, ni maji mafupi ambayo bamvua likijaa huyarejesha yale yale yaliyotoka asubuhi. Mwenye kusema kuwa bahari ni kubwa itayameza yote, aende akasimame Maruhubi wakati wa maji kupwa, atazame mizizi ya mikoko ilivyovishwa plastiki, kisha aturudie na kauli yake.

Mikoko ndiyo malezi ya samaki. Kamba na vifaranga vya samaki hukua baina ya mizizi ile ambamo samaki wakubwa hawapiti. Matope yake hushika taka ndogo ndogo ya maji ya bara isende ikayafunika matumbawe. Ina nguvu, lakini nguvu yake ina mpaka. Kombe na chaza wanaookotwa na mama zetu pwani hula kwa kuyachuja maji, na kila kilichomo majini hubaki ndani yao. Mwenye kula kombe wa penye mtaro amekula mtaro. Na samadi ya maji machafu hustawisha magugu ya baharini yakayasonga matumbawe. Wataalamu waliopima miamba iliyo mkabala wa mji wetu walieleza mwaka 1995 kuwa ule mwani mgumu wa chokaa, unaoyaunganisha matumbawe mfano wa saruji, ulikuwa ukipungua kila walipokaribia maji machafu ya mji. Mwamba ukifa, mvuvi wa dema hurudi na dema tupu.

Na kipindupindu hakikubaki katika vitabu vya karne ya kumi na tisa. Mwaka 2015 na 2016 kilitupiga tena. Wagonjwa walikuwa maelfu, na waliokufa makumi. Tuliwazika wengine kwa mikono yetu.

Dini yetu haikutuacha bila ya mwongozo. Katika Suratur Rum, aya ya 41, Mwenyezi Mungu (S.W.T.) anatuonyesha kuwa uharibifu wa bara na bahari umetokana na kazi za mikono ya watu. Mtume (S.A.W.) amekataza kujisaidia penye maji wanayoyaendea watu, basi linalokatazwa kwa mtu mmoja, vipi litahalalika kwa mji mzima kwa kupitishwa ndani ya bomba? Mafakihi wameweka jambo waliloliita harimu, yaani eneo linalokizunguka kisima au mto, ambalo haifai mtu kulifanyia la kuyadhuru maji. Kwa fahamu yetu, mikoko ndiyo harimu ya pwani. Na iko Hadithi ya Nuuman bin Bashir, iliyomo katika Bukhari, ya watu walioshirikiana jahazi, wa chini wakataka kutoboa tundu katika fungu lao wapate maji bila ya kuwaudhi wa juu. Wa juu wakiwaacha, wote wanazama. Waalimu huifanyia mifano mingi Hadithi hii. Sisi tunaona Unguja haihitaji mfano, imekwisha kuwa ndiyo jahazi lenyewe.

Kwa hivyo kusema ni wajibu, na kusema kwa adabu huleta natija. Huko Marekani, katika jimbo la Florida, maji ya ziwa Okeechobee yenye uchafu wa mashamba yalipofunguliwa kuelekea milango ya mito ya pwani, mwaka 2016 na tena 2018, maji yaligeuka kijani na kunuka. Wavuvi na wenye nyumba za pwani wakasimama wakadai, na mwaka 2018 bunge lao likaidhinisha hifadhi kubwa ya maji ijengwe kusini ya ziwa. Karibu zaidi, huko Pemba, kisiwa cha Misali kilifanywa hifadhi mwaka 1998, na wavuvi wake wakasemeshwa kwa Qur'ani na Hadithi na maimamu wao wenyewe, si kwa karatasi za serikali tu.

Sheria tunayo: ile ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015, na Mamlaka yake ipo. Yanayotakiwa ni mashekhe kulitia jambo hili katika khutba za Ijumaa. Wazee wa mitaa kwenda kwa sheha, na kutoka kwa sheha mpaka Baraza la Manispaa, kuuliza kwa maandishi: mtaro huu unaishia wapi, maji yake yamepimwa lini, na lini pataweko mabwawa ya kuyatuliza na kuyasafisha kabla ya kufika kwenye mikoko? Wenye gereji na wenye nyumba waliounganisha vyoo vyao na mitaro ya mvua, na wanajijua, wavunje viungo hivyo kabla ya kuja kuvunjiwa.

Masika huanza Machi. Mitaro ikizolewa Februari, taka huenda jaani kwa gari. Ikiachwa mpaka mvua ya kwanza, huenda Maruhubi. Wanafunzi wetu wakubwa wamekubali kuuzoa mtaro ulio nyuma ya chuo chetu. Tunatafuta majembe ya kuazima, na buti.