Kabla ya Kutupa Koti la Mvua
Koti la mvua linapoanza kulowa, mara nyingi kitambaa chake bado ni kizima. Kilichodhoofika ni dawa ya juu inayofukuza maji, au imefunikwa na jasho, mafuta na mabaki ya sabuni.

Tunamshauri mtumiaji asome lebo kwanza. Funga zipu, fua kwa sabuni ya maji isiyo kali, kisha suuza mara mbili. Usitumie kilainisha nguo.

Likikauka, linyunyizie maji. Matone yakiviringika, inatosha. Yakinywewa na kitambaa, nunua dawa ya kuzuia maji isiyo na florini, uitumie kwa kufuata maelekezo ya chupa.

Kwa mpanda Kilimanjaro, nguo zilizolowa hupoteza joto la mwili haraka. Koti lijaribiwe nyumbani, si mlimani.