Mawe juu ya barafu huamua maji ya mkulima

Wakulima wa ngano na pamba katika bonde la mto Indus, nchini Pakistan, hutegemea sana maji ya barafu inayoyeyuka milimani. Sehemu za chini za barafu hiyo, kama ile ya Baltoro yenye urefu wa kilometa zaidi ya 60, zimefunikwa na mawe na kokoto.

Vumbi jembamba hunyonya joto la jua na kuharakisha kuyeyuka. Tabaka nene hukinga barafu, kama matandazo yanavyokinga udongo shambani. Mtafiti Gunnar Østrem alilionyesha hilo mwaka 1959.

Hivyo, anayekadiria maji ya umwagiliaji kwa ukubwa wa barafu pekee atakosea hesabu. Unene wa mawe nao upimwe kabla ya kupanga mifereji na ekari za kulima.