Ziwa la Mama Mkubwa

Mpwa wangu wa Kibokoni, Mombasa, alikuwa na mimba ya miezi minne alipoambiwa kuwa uvimbe ule ni saratani ya matiti. Nyumba ikazizima. Kumbe, ndugu msomaji, ikipita miezi mitatu ya mwanzo, baadhi ya dawa za maradhi hayo huweza kutiwa mshipani na mtoto akasalimika. Alhamdulillahi, akajifungua mwana wa kiume. Babu akamwadhinia, akamlambisha tende.

Lakini matibabu yalikuwa yangaliko, na dawa hupita hadi kwenye maziwa. Akakatazwa kunyonyesha. Hapo ndipo alipolia, yeye ambaye sindano zote hazikumliza. Dadake mkubwa, mwenye binti wa miezi saba, akapimwa damu, kisha akampakata mtoto.

Nyanya yao alikwisha kuwaoza watoto hao moyoni, maskini! Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kunyonya mara tano kumewafanya ndugu. Nikaha haipo tena. Siku ya saba, kwenye akika, baba aliutangaza udugu huo mbele ya jamaa, ukaandikwa.

Mtoto akanyolewa, akapewa mamake. Naye akaivua leso, wakatazamana, wote wawili vipara.