Ndugu Mfanyakazi, Kabla ya Kununua Kiwanja Nje ya Kampala

Tangu sheria ya mfuko wetu wa akiba, NSSF, iliporekebishwa mwaka 2022, mwanachama aliyetimiza umri wa miaka 45, naye amekwisha kuweka akiba kwa miaka 10, ana haki ya kuchukua asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Wenzetu wengi wameichukua haki hiyo. Na wengi wamefika ofisini kwetu na swali moja: Tununue kiwanja wapi, ili tuweze kukaa kwetu na huku tukiendelea kwenda kazini?

Swali hili ni jema. Mfanyakazi wa kiwandani hupanga chumba, na mfanyakazi wa shambani hukaa katika kambi ya kampuni. Siku kazi inapokwisha, mwenye nyumba anadai kodi yake na kampuni inadai chumba chake. Hata zile nyumba za Nakawa na Naguru, zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wakati wa ukoloni, zilibomolewa mwaka 2011, na waliokuwa wakikaa humo wakatawanyika. Kwa hiyo mfanyakazi anayetaka kitu chake mwenyewe ana akili timamu.

Lakini fedha hizi za NSSF hutoka mara moja. Ni asilimia 5 ya mshahara wako ya kila mwezi, na asilimia 10 aliyoiweka mwajiri kwa sababu ya jasho lako. Zikipotea, hazirudi. Nasi tumekwisha kuona zikipotea.

Mwenzetu mmoja, fundi wa mashine, alinunua kiwanja upande wa Mukono. Bei ilikuwa nzuri. Muuzaji alikuwa mzee mpole mwenye migomba yake, majirani walimjua, na mwenyekiti wa kijiji akapiga muhuri. Mwenzetu akajenga msingi. Baada ya miaka miwili akafika mtu mwingine na mpima ardhi, akatoa hati, akasema, "Ardhi hii ni yangu, na huyu mzee hakuniambia kwamba anauza." Tulipoichukua karatasi ya mwenzetu na kuisoma, tulikuta mzee alikuwa ameuza kibanja tu. Mwenzetu hakuwa amelijua jambo hilo. Msingi ule mpaka leo umeota majani.

Hatuandiki haya ili kuwatisha. Tunayaandika ili kila mmoja afahamu kwamba kiwanja kina bei tatu: bei anayotaja muuzaji, bei ya nauli, na bei ya karatasi. Wengi wetu huuliza ile ya kwanza peke yake.

HESABU YA NAULI

Kwanza, jiulize unafanya kazi wapi, kisha utafute kiwanja upande huo huo wa mji. Mfanyakazi wa Namanve akikaa Seeta au Mukono hupanda teksi moja katika barabara ya Jinja, na hushuka kabla ya msongamano wa Kireka na Banda. Mfanyakazi huyo huyo akinunua Nansana, katika barabara ya Hoima, kila siku itambidi aingie mjini na kubadilisha teksi, au azunguke kwa barabara ya mchepuko wa kaskazini. Viwanja viwili vinaweza kuwa na bei moja, na kimoja kikamla mfanyakazi kila mwezi.

Tutoe mfano, kisha kila mmoja aweke nauli zake mwenyewe. Kiwanja cha kwanza kinataka teksi moja, shilingi 2,000 kwenda na 2,000 kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 104,000 kwa mwezi. Kiwanja cha pili ni rahisi zaidi kwa shilingi 4,000,000, lakini kinataka bodaboda na teksi mbili, shilingi 5,000 kwenda na 5,000 kurudi. Kwa siku 26 ni shilingi 260,000. Tofauti ni shilingi 156,000 kila mwezi. Kabla mwezi wa 26 haujaisha, zile milioni 4 ulizodhani umeziokoa zimekwisha katika nauli, na bado unaendelea kulipa.

Tukumbuke pia kwamba kima cha chini cha mshahara kilichowekwa Uganda mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, wala hakijapandishwa tangu hapo. Nauli ikipanda, hakuna sheria inayoupandisha mshahara pamoja nayo.

Jambo jingine ni zamu. Usiende kukiona kiwanja Jumapili mchana tu, tena kwa gari la dalali. Nenda siku ya kazi kwa teksi, saa ile ile utakayotoka kwenda kazini. Kama wewe ni wa zamu ya usiku, nenda usiku. Uliza nauli ya mvua ni kiasi gani, na bodaboda wa mwisho huondoka kituoni saa ngapi. Dada zetu wa zamu ya usiku walijue hili zaidi, kwani mwendo wa nusu saa gizani una hatari yake.

ARDHI MOJA, WENYEWE WAWILI

Pili, ni lazima kujua unanunua nini. Sehemu kubwa ya ardhi inayouzunguka mji wa Kampala ni ardhi ya mailo. Jina hilo linatokana na maili za mraba zilizogawiwa Kabaka, machifu na watu wengine wakubwa kwa Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900. Wakulima walikuwa wakikaa juu ya ardhi ile ile. Mwaka 1928 sheria ikawapa ulinzi, wakawa wanalipa busuulu, yaani kodi ndogo ya kila mwaka, kwa mwenye mailo. Sehemu ya mkulima ndiyo inayoitwa kibanja.

Kwa hiyo kipande kimoja cha ardhi kinaweza kuwa na wenyewe wawili: mwenye hati na mwenye kibanja. Wote wawili wana haki mbele ya sheria. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1998, na marekebisho yake ya mwaka 2010, mwenye kibanja anayetambuliwa na sheria hawezi kufukuzwa ila kwa amri ya mahakama, na kwa sababu ya kutolipa busuulu. Lakini akitaka kuuza, lazima kwanza ampe nafasi ya kununua mwenye ardhi. Asipofanya hivyo amevunja sheria, na anaweza kuipoteza haki yake. Ndiyo shimo alilotumbukia mwenzetu.

Kununua kibanja si kosa. Ila umjue mwenye mailo, umwone kwa macho yako au mwakilishi wake wa halali, akubali kwa maandishi, na uzione risiti za busuulu. Ukikosa hayo, rudi nyumbani na fedha zako.

Kama muuzaji anasema ana hati, chukua namba ya bloku na ya ploti, uende Ofisi ya Ardhi inayohusika kutafuta. Kwa kiwanja cha Wakiso nenda ofisi ya Wakiso, na kwa cha Mukono nenda ofisi ya Mukono. Huko utaambiwa jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, na kama imewekwa rehani benki au ina pingamizi. Nenda wewe mwenyewe, usimtume dalali. Kisha tafuta mpima ardhi ahakikishe kwamba mawe ya mipaka yanalingana na hati.

Muhuri wa mwenyekiti wa kijiji ni ushahidi kwamba mliuziana mbele yake. Hauwezi kuwa hati. Na kama ardhi ni ya familia, mke au mume wa muuzaji lazima akubali kwa maandishi. Asipokubali, uuzaji hauna nguvu.

Mkataba mara nyingi huandikwa Kiingereza. Usione haya kusema hukielewi. Uganda iko sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma, nayo inamtaka anayekuandikia aandike jina lake na anwani yake, athibitishe kwamba aliandika kama ulivyomwambia na kwamba ulisomewa ukaelewa. Anayekuharakisha kutia dole gumba ana sababu yake.

MAFUNJO NA MAJI

Tatu, tazama ardhi yenyewe. Panapoota mafunjo ni nyumba ya maji, hata kama pamemwagwa udongo mwekundu juu. Nenda wakati wa mvua za Aprili au Novemba, uwaulize wapangaji wa jirani maji hufika wapi. Vinamasi, kwa katiba ya mwaka 1995, serikali huvishika kwa niaba ya wananchi wote. Mwaka 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilibomoa nyumba katika kinamasi cha Lubigi, na waliolia pale walikuwa watu wa mishahara midogo kama sisi. Huko Lubigi wako waliokwisha kujenga na kuhamia.

KUNUNUA KWA KIKUNDI

Wafanyakazi wengine huunganisha fedha na kununua ekari moja. Ni njia nzuri. Ekari moja ni futi za mraba 43,560, na kiwanja cha kawaida cha futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000. Kwa hesabu hiyo havizidi vinane, na ukitoa njia ya kupita huenda vikabaki saba. Kwa hiyo wasiandikishwe watu kumi. Tena hati igawanywe, kila mtu apate yenye jina lake. Mkiiacha kwa jina la mwenyekiti wa kikundi, siku akifa mtazungumza na warithi wake.

Ndugu wafanyakazi, yupo dalali atakayewaambia kwamba mnunuzi mwingine anakuja kesho asubuhi. Mwacheni aje. Sisi tunawaomba jambo moja: kabla hujalipa hata shilingi moja, lete karatasi ofisini, au mwonyeshe mwakilishi wa chama kazini kwako. Tutakaa nawe tuisome, na panapohitajika wakili tutakuambia. Mwenzetu yule wa Mukono alituletea karatasi yake baada ya miaka miwili. Wewe ilete kabla.

Umoja ni nguvu.