Upasuaji wa moyo: damu inapotoka nyuma, operesheni inaanza upya

Vali mpya imekwisha kushonwa. Mashine iliyokuwa ikifanya kazi ya moyo na mapafu inapunguzwa pole pole, moyo unarudia kupiga, presha inapanda. Mara damu nyekundu inaanza kujaa kifuani, ikitokea nyuma ya moyo, mahali ambapo macho ya daktari hayafiki.

Ni kupasuka kwa chumba cha kushoto cha moyo. Hali hiyo hupata wagonjwa wasiofika 2 kwa kila 100 wanaobadilishiwa vali ya mitrali, ule mlango ulio kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto. Ni nadra, lakini katika ripoti nyingi za waganga, nusu ya waliopatwa ao zaidi walifariki.

Kosa la kwanza ni lile ambalo mtu yeyote angefanya: kuinua moyo ili kuona tundu na kulishona kutoka nje. Nyama ya moyo hapo ni laini, uzi unaikata, na vali ngumu iliyo ndani inazidisha mpasuko. Kwa hiyo mgonjwa anarudishwa kwenye mashine, moyo unasimamishwa, na vali iliyotoka kuwekwa inaondolewa. Mpasuko unafunikwa kwa ndani na kiraka kikubwa, mara nyingi cha utando wa moyo wa ng'ombe, ndipo vali inarudishwa. Muda wote huo damu haigandi, kwa sababu mashine inadai dawa ya heparini. Protamini, inayoizima, hutolewa mwishoni tu. Bila akiba ya damu, plasma na plaketi, ufundi wa daktari hautoshi.

Kuzuia ni afadhali. Albert Starr aliweka vali ya kutengenezwa mwaka 1960 huko Portland, Marekani. Mwaka 1964, C. Walton Lillehei alipendekeza kutokata nyuzi zinazounganisha vali na nyama ya moyo. Leo wapasuaji wengi huacha nyuzi za nyuma, kwani zinashikilia ukuta wa moyo. Pia hawachimbi chokaa yote iliyoganda kwenye vali, na hawalazimishi vali kubwa mno.

Kwa watu wa Kivu, jambo hili haliko mbali. Vijana wengi wa Afrika wanaoharibika vali walipata homa ya rumatiki, inayofuata maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Ng'ambo ya mpaka, hospitali ya King Faisal ya Kigali imepokea tangu 2008 timu za Team Heart kutoka Marekani kwa upasuaji wa vali.

Familia inayojitayarisha kwa safari kama hiyo inapashwa kuuliza mapema, pamoja na bei: mgonjwa ana damu ya kundi gani, hospitali inayo akiba kiasi gani, na ndugu wangapi wanaweza kutoa damu kabla ya siku ya operesheni?