Kupunguza Mwili Si Lazima Kula Kabeji Tupu

Muulize mtu wa Malindi aliyeambiwa na daktari apunguze uzito anakula nini siku hizi, na jibu huwa moja: kabeji ya kuchemsha, mayai mawili na chai ya strungi. Muulize tena baada ya wiki tatu. Utamkuta na mahamri yake na mbaazi za nazi, akikwambia chakula kile hakiliki.

Mimi simlaumu. Mtu aliyelelewa kwa samaki wa kupaka hawezi kuishi kwa kabeji isiyo hata ndimu. Lakini jambo lenyewe si la mzaha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya Wakenya watu wazima walikuwa na uzito uliopita kiasi, na kwa wanawake ilifika 38.5. Uzito huo ndio unaofungua mlango wa presha na sukari, na hapa kwetu ni nyumba chache zisizo na mtu anayemeza dawa za maradhi hayo.

Kwa nini basi mlo huvunjika? Ulimi huchoka. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wameeleza kuwa mtu akila chakula kimoja, hamu ya chakula kile hushuka, lakini hamu ya vyakula vingine hubaki palepale. Ndiyo maana harusini, hata ukishiba pilau, nafasi ya kaimati haikosekani. Ndiyo maana pia wengine wetu hutoka Ramadhani wakiwa wanene kuliko walivyoingia: mihogo ya nazi, viazi vitamu, ndizi, tambi, vibibi na sambusa, vyote kwenye mkeka mmoja. Majina ni sita, lakini karibu vyote ni wanga, sukari na mafuta.

Tabia hiyohiyo ya ulimi yaweza kutufaa. Kanuni ninayoifuata mimi ni hii: wanga uwe wa aina moja kwa kila mlo, na ukiwa ni wali basi chapati ingoje kesho. Kinachobadilika kila siku ni mboga, kitoweo na viungo. Gramu 100 za wali mweupe uliopikwa zina kalori kama 130. Mchicha wa kuchemsha wa uzito huohuo haufiki 25. Ukiongeza aina za mboga, utakula zaidi na bado utapungua.

Na mboga tunazo. Sokoni Malindi na Kilifi utapata mchicha, mnavu, majani ya kunde, kisamvu, matembele, bamia, biringani, na ule mchunga ambao ndugu zetu Wagiriama hawaukosi kwa sima. Mchunga ni mchungu, naam, lakini uchungu nao ni ladha. Leo pika kwa kitunguu saumu na nyanya, kesho kwa tangawizi na bizari, keshokutwa kamulia ndimu na pilipili mbichi. Ukwaju, dania, embe mbichi na kachumbari haviongezi mwili, na ndivyo vinavyofanya sahani isichoshe.

Kitoweo nacho kina njia nyingi. Pweza na ngisi wana mafuta machache sana. Changu au tafi akipakwa ndimu, tangawizi na pilipili kisha akachomwa makaani, hana haja ya karai. Samaki wa mama karanga ni mtamu, lakini kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori 120, na karai halihesabu vijiko. Mnunue siku moja kwa wiki, siku nyingine mnunue mbichi. Pojo na kunde pia hushibisha kwa muda mrefu, kwa bei nafuu.

Nazi je? Nazi hatuiachi, tunaipunguza. Kasimele, lile tui zito la kwanza, ndilo lenye mafuta mengi, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati ya wanga ina 4. Pikia tui la pili, kisha tia vijiko viwili vya kasimele mwishoni ili harufu ibaki. Wali wa nazi uwe wa Ijumaa.

Jambo la mwisho ni sinia. Kula pamoja kuna baraka, lakini ni vigumu kujua umekula kiasi gani. Pakua upande wako kwanza: nusu mboga, robo kitoweo, robo wanga. Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kuacha theluthi ya tumbo kwa pumzi, na kipimo hicho hakihitaji mizani. Anayemeza dawa za sukari azungumze na daktari wake kabla ya kupunguza wanga, maana sukari yaweza kushuka ghafla.

Nawaomba wenye nyumba wasimpikie mgonjwa sufuria yake peke yake. Mama aliyechoka hatapika vyungu viwili mwaka mzima, na mgonjwa anayekula kivyake hujiona ameadhibiwa. Chakula kiwe kimoja, kitamu, cha wote. Watoto nao watakua wakijua mchunga ni chakula cha kawaida.