Dakika 34 za Kwenda KIA

Bibi yetu alipofariki kule Marangu mwaka jana, baba mdogo alinipigia simu kutoka Dar. Nikamwamkia. "Marahaba, mwalimu," akasema, maana nasoma ualimu wa hisabati. "Mazishi ni saa nane mchana. Nikipanda ndege ya saa tano asubuhi nitawahi?"

Nikachukua kalamu. Kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi KIA ni kama kilomita 450 kwa mstari ulionyooka. Kwa barabara, Dar hadi Moshi inazidi 550, kwa sababu lami inapita Korogwe, Mombo na Same, ikiambaa na milima ya Usambara na Upare. Jeti ikiwa juu hukimbia takribani kilomita 800 kwa saa. Basi, 450 gawanya kwa 800, zidisha kwa 60: dakika 34. Nikaongeza saa moja ya gari. "Utawahi mapema tu, baba mdogo."

Alifika saa nane na nusu, tunaweka mashada. Hakunilaumu. Alisimama pembeni ya kaburi la mama yake, begi bado liko mkononi.

Ndege haikuchelewa hata kidogo. Iliyokosea ni hesabu yangu, na wengi wetu tunaikosea vilevile.

Kwanza, ndege haianzi na 800. Inajivuta hadi kwenye njia ya kurukia, inapaa, na chini ya futi 10,000 kwa kawaida haizidi takribani kilomita 460 kwa saa. Ikishakolea, muda si mrefu inaanza kushuka. Safari fupi kama hii, kupaa na kushuka vinakula sehemu kubwa ya njia.

Pili, muda ulioandikwa kwenye tiketi unahesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama upande wa pili. Tiketi yake ilisema saa moja na dakika kumi. Ukigawanya, mwendo wastani ni kilomita 386 kwa saa, chini ya nusu ya ile 800 yangu. Mimi tiketi hata sikuiulizia.

Tatu, KIA si Moshi, wala Moshi si Marangu. Uwanja uko wilayani Hai, kati ya Moshi na Arusha. Ukitoka pale unapita Moshi mjini, unaenda Himo, ndipo unaanza kupanda mlima: kama kilomita 80, na njiani vibao vya 50 ni vingi.

Baba mdogo alitoka kwake Mbagala saa mbili asubuhi ili awahi ukaguzi. Mpaka kaburini ni saa sita na nusu. Jumlisha kilomita zote, za angani na za barabarani, ni kama 550. Gawanya: 85 kwa saa. Huo ni mwendo wa gari dogo! Bado ndege inalishinda basi, ila si kwa kiasi tunachodhani.

Kwa hiyo wenzangu, mkiulizwa swali kama lile, msianzie kwenye mwendokasi. Anzieni mwisho wa safari, mrudi nyuma hatua kwa hatua.

Desemba baba mdogo alipiga tena, anakuja Krismasi. Safari hii kabla ya kalamu niliuliza mimi: "Baba mdogo, unatakiwa uwe wapi, saa ngapi?"